Boma la Gitega na Watu wa Langoni Pake

Yafaa leo litajwe boma la Gitega, kwani wapo katika mtaa wa Yoba, na wapo Muyinga, ambao Kiswahili na kanzu vilifika nyumbani kwao kwa njia ya utumishi wa askari.

Wajerumani, ambao wazee waliwaita Wadachi, walikuwa na kituo cha jeshi Usumbura, kando ya ziwa, tangu mwisho wa karne ya 19. Mwaka 1912 makao ya Residenti yakahamishiwa Gitega, katikati ya nchi, ili serikali iwe karibu zaidi na watware wa milimani. Askari wakapanda pamoja na mabwana zao.

Askari hao walikuwa mchanganyiko: Wasudani, Wamanyema, Wanyamwezi, Wasukuma, na watu wa pwani. Walivaa kaki na tarbushi yenye alama ya tai. Vyeo vyao vilikuwa na majina ya Kituruki, ombasha, shaushi, sol, efendi, kwa kuwa jeshi lilianza na watu walioandikwa Misri mwaka 1889. Amri za gwaride zilitolewa kwa Kidachi, lakini mazungumzo yote mengine yalikuwa ya Kiswahili. Wengi wao walibeba bunduki za namna ya mwaka 1871, zilizotoa moshi mwingi hata adui akajua mpigaji yuko wapi. Wengine waliingia jeshini hawana dini ya kitabu, wakasilimu humo humo.

Askari hakukaa peke yake. Kando ya boma palikuwa na kijiji chao, na kila nyumba ilikuwa na mke, watoto, na boi wa kumbebea sufuria. Mke ndiye aliyetwanga, aliyepika, na safari ilipoondoka alijitwika mzigo akafuata. Vitabu vya vita vimewataja wanawake hao kwa uchache mno. Lakini pasipo wao safari moja isingalifika mbali.

Haifai kumbukumbu hizi zisimuliwe kwa upande mmoja. Mwaka 1903 Kapteni von Beringe alimwendea Mwami Mwezi Gisabo kwa vita, na aliopigana nao hawakuwa Wazungu watupu, walikuwa askari. Katika mapatano ya Kiganda Mwami alitozwa faini ya ng'ombe 424. Tena kiboko, kile cha hamsa wa ishirini, kilishikwa na mkono wa askari. Mrundi wa mlimani aliyeliona tarbushi likija hakuona ndugu. Ajabu ni kwamba baadaye watu hawa wawili walikaa mtaa mmoja, wakauziana, wakaoana.

Juni 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia, na Wajerumani wakaondoka Gitega kuelekea Tabora. Hapo nyumba ziligawanyika. Askari alifuata bendera. Mzee, mgonjwa na mwenye mtoto mchanga walikuwa na sababu ya kubaki. Wabelgiji nao walikuja na askari wao weusi, baadhi yao wakisema Kiswahili, basi lugha ya langoni haikukatika.

Vita vilikwisha huko Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, na zaidi ya askari elfu moja waliweka silaha, mishahara yao ikiwa haijalipwa. Ilikuwa mwaka 1964 ndipo Bunge la Ujerumani ya Magharibi lilipokubali kuwalipa waliokuwa hai. Husimuliwa kwamba wazee waliokusanyika Mwanza wachache tu walikuwa na vyeti. Kwa hiyo mlipaji akampa kila mmoja ufagio badala ya bunduki, akaamuru gwaride kwa Kidachi, na wazee wale, baada ya miaka hamsini, hawakukosea hata mmoja.

Mtu hawezi kuutegemea ufagio siku zote. Wenye cheti cha babu, barua, kifungo cha vazi au picha ya wakati ule wanaombwa wavilete chamani viandikwe daftarini, pamoja na jina la bibi aliyefuata safari, kabla mchwa hawajatangulia.