Mmoja Anapotaka na Mwenzake Hataki



Ndugu zangu vijana, mama zangu na baba zangu wa Marani na kwingineko, leo tuzungumze jambo ambalo sote tunalijua na hakuna anayelisema. Hapa Gusii tuna neno letu, chinsoni. Ni haya na ni heshima, ni mipaka ya nani aseme nini mbele ya nani. Ni kitu kizuri na sitaki tukitupe. Lakini chinsoni hiyohiyo ndiyo inawalaza mume na mke kitanda kimoja miaka mitano, mmoja ana njaa na mwenzake hana hamu, na hakuna anayefungua mdomo. Halafu siku moja tunasikia mmoja ameonekana kwa mtu kule sokoni. Au talaka imetoka, na sababu inayotajwa ni nyingine kabisa. Ati hapiki vizuri. Ati hamheshimu mama mkwe. Wazee wanakaa kikao mchana kutwa wakisuluhisha mambo ya ugali, na ugonjwa wenyewe haujaguswa.

Kama unasoma ukurasa huu na kijana wako yuko karibu, usiufunge. Nimeyapima maneno, na afadhali ayasikie hapa.

Hebu tuanze na Madina. Katika Bukhari na Muslim kuna habari ya mwanamke aliyekuwa mke wa Rifaa al-Quradhi. Rifaa alimwacha talaka tatu, akaolewa na Abdurrahman bin Zabir. Akaja kwa Mtume (s.a.w.), akashika ncha ya nguo yake, akaeleza kwamba alichonacho huyu mume mpya ni mfano wa ncha ile. Mnaelewa. Abu Bakr alikuwa ameketi pale ndani, na Khalid bin Said alikuwa mlangoni akisubiri ruhusa. Khalid akapaza sauti kumwambia Abu Bakr, mbona humkatazi huyu mama kusema maneno hayo waziwazi? Na Mtume (s.a.w.) hakufanya zaidi ya kutabasamu. Kisha akamjibu swali lake, kwamba hawezi kumrudia Rifaa mpaka ndoa hii ya pili iwe ndoa kweli. Angalia nani alikasirika na nani hakukasirika. Sisi wengi ni akina Khalid mlangoni.

Wanaume, sasa mnisikilize. Kuna hadithi moja ambayo hata asiyejua kusoma Fatiha vizuri anaijua, ile ya mke anayemkataa mumewe na malaika wakamlaani mpaka asubuhi. Ni hadithi sahihi, sina ugomvi nayo. Lakini mbona ile ya Salman al-Farsi hatuitaji? Salman alimtembelea ndugu yake Abu Dardai, akamkuta Ummu Dardai amevaa nguo za kazi, hajajipamba hata kidogo. Akamwuliza kuna nini. Mama akajibu kwamba ndugu yako huyu hana haja na dunia. Mchana anafunga, usiku anasali. Salman akamfungulisha saumu, akamlaza mwanzo wa usiku, akamwambia kwamba mwili wako na mke wako wana haki juu yako. Habari ikafika kwa Mtume (s.a.w.), akasema Salman amesema kweli. Katika mwezi wa Ramadhan, ndugu, wapo wanaotoka tarawehe wakaenda barazani hadi daku, na nyumbani kuna Ummu Dardai wao. Abu Dardai alikuwa anasali, angalau.

Na Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika katika Ihyaa kwamba mume anapomaliza haja yake asiondoke mpaka mke naye amemaliza yake. Akaandika pia kwamba mume amwendee mkewe kila siku ya nne, aongeze au apunguze kwa kadiri mke anavyohitaji ili ajihifadhi. Kadiri mke anavyohitaji! Miaka zaidi ya mia tisa imepita na bado kuna vijana wanadhani mwanamke mwenye hamu ni malaya.

Sasa tuingie nyumbani kwetu hasa, maana hapa ndipo kwenye donda.

Mwanazuoni wa Kimarekani Robert LeVine alikuja kuishi Gusii katikati ya miaka ya 1950. Mwaka 1959 alichapisha makala akieleza jinsi usiku wa harusi ulivyokuwa hapa: bibi harusi alitarajiwa kupinga kwa nguvu zake zote, na bwana harusi alitarajiwa kumshinda, na vijana wenzake walingoja kusikia ameshinda mara ngapi. Mashindano, bwana. Wazee watabishana naye hapa na pale, lakini tuseme kweli, alama bado ipo. Kijana anaingia kwenye ndoa akijua kushinda tu, hajui kuuliza. Binti anaingia akijua kukataa tu, maana kukubali ni aibu. Huko Pwani bi harusi ana somo wake, mwanamke mtu mzima wa kumfundisha kabla ya siku yenyewe. Sisi tunampa binti sufuria na blanketi.

Juu ya hapo kuna kisu. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2014 ulikuta kwamba katika wanawake wa Kisii, asilimia 84 walikuwa wamekeketwa. Kwa ndugu zetu Wasomali, asilimia 94. Nchi nzima wakati huo ilikuwa asilimia 21, na kufikia 2022 ikashuka hadi 15. Hapa kwetu wengine wanawapeleka mabinti kwa wauguzi, ati ni salama zaidi. Uliza nyanya kwa nini tunafanya, atakujibu bila kuficha: ili msichana atulie, asisumbuliwe na tamaa. Haya. Umemkata mtoto wa miaka minane ili asiwe na hamu. Akifika ishirini na mbili unamwoza, na baada ya mwaka mume anakuja kulalamika kwamba mke ni baridi kama mgomba wakati wa mvua. Ulitarajia nini? Tulichokiagiza ndicho tulicholetewa. Kisha anayetukanwa ni yule aliyekatwa, na mume anaona ana udhuru wa kutoka nje.

Msinichukulie vibaya, si kwamba kila mwanamke aliyekeketwa hana furaha ya ndoa. Wapo wengi walio nayo, na mume mpole anaongeza mengi. Lakini wengine wanaumia kweli, wana makovu, na maumivu hayo yanaweza kuangaliwa hospitalini. Mke anayeumia hakatai kwa kiburi. Na usiniambie ni dini. Waswahili wa Pwani ni Waislamu karne na karne na hawana mila hiyo. Tena tangu 2011 ni kosa kisheria: kifungo kisichopungua miaka 3 au faini isiyopungua shilingi 200,000, au vyote viwili.

Hamu inaondoka kwa sababu nyingine pia, na nyingi hazina uhusiano na mapenzi. Mama anayenyonyesha amechoka na mwili wake umebadilika. Sindano ya kupanga uzazi huwapunguzia hamu baadhi ya wanawake, na wakibadilisha njia hali inarudi. Baba mwenye sukari au presha anaweza kupungukiwa nguvu, na wakati mwingine ni dawa ya presha yenyewe. Akimweleza daktari anaweza kubadilishiwa. Akinyamaza anaenda kununua unga wa mti kwa mtu wa barabarani, au anamshitaki mkewe kwamba amemroga. Pombe na miraa sitaki kuzieleza. Wanaotumia wanajua usiku wao ulivyo.

Na kuna umbali. Mume yuko kwenye majani chai Kericho, au ana duka Nairobi, anakuja Idi kwa Idi. Siku hizi hata mke anakwenda, amepata mkataba wa miaka miwili Saudia au Qatar, pesa inaingia kwa M-Pesa, na mume amebaki na watoto. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar alipita usiku akamsikia mwanamke akiulalamikia upweke, mumewe yuko vitani. Akamwuliza binti yake Hafsa, mwanamke anaweza kumvumilia mumewe muda gani? Akatajiwa miezi, riwaya nyingine minne, nyingine sita, na akaweka kikomo cha askari kukaa mbali. Qur'an nayo, katika Suratul Baqara aya ya 226, imempa miezi minne mume aliyeapa kutomkaribia mkewe: arudi au waachane. Kwa hiyo kabla ya kusaini mkataba wa miaka miwili, kaeni chini wawili muulizane swali la Umar. Labda mtaenda pamoja. Labda hamtaenda. Lakini msijifanye hamkujua.

Wazee wetu wa Gusii waliogopa amasangia. Mke akitoka nje, kisha mumewe augue na yeye aingie alipolala, mume angekufa. Hofu hiyo ilizuia mengi, nakubali. Ila angalieni ilimfunga nani. Mume alizunguka apendavyo na hakuna aliyekufa. Katika dini yetu zinaa ya mume na ya mke ni dhambi moja.

Haya, na ikiwa wamezungumza, wamekwenda kwa daktari, na bado haiwezekani? Suratun Nisaa aya ya 35 inasema achaguliwe msuluhishi mmoja upande wa mume na mmoja upande wa mke. Wachagueni watu wanaojua kufunga mdomo, na waambieni sababu ya kweli. Mume asiyeweza kabisa tendo la ndoa, wanazuoni wengi, na wa Shafi wakiwemo, wanasema mke akishitaki kwa kadhi mume apewe mwaka mzima, misimu yote impitie, labda apone. Mwaka ukiisha hali ni ileile, mke ana haki ya kuachwa huru. Na mwanamke ambaye moyo wake umekataa tu, hana kosa la kumtajia mumewe, ana khului. Mke wa Thabit bin Qays hakumlaumu mumewe kwa dini wala tabia. Mtume (s.a.w.) akamwuliza kama atamrudishia bustani aliyompa, akasema ndiyo, Thabit akaambiwa apokee amwache. Hili Mgusii hahitaji kufundishwa. Bibi zetu walivaa ebitinge miguuni, na ndoa ilipovunjika, ebitinge zilivuliwa na chiombe zikarudi.

Ibara ya 170 ya Katiba ya 2010 imeipa Mahakama ya Kadhi mamlaka juu ya ndoa na talaka za Waislamu wanaokubali kwenda mbele yake. Nendeni huko. Talaka tatu kwa ujumbe wa simu usiku wa manane, mtu ana hasira za kukataliwa, kesho yake anatafuta shekhe wa kumfungulia njia, hiyo inaleta kesi tu. Na kuongeza mke wa pili kwa sababu wa kwanza amechoka, wakati hujamwuliza kwa nini amechoka, utakuwa na wawili waliochoka.

Limebaki swali ambalo vijana waliooa karibuni huuliza kwa kunong'ona kila Ramadhan. Usiku, kuanzia magharibi hadi alfajiri, ni halali, Suratul Baqara aya ya 187. Mchana kwa mwenye kufunga ni kosa kubwa, na kafara yake ni kumwacha huru mtumwa, asiyeweza afunge miezi miwili mfululizo, asiyeweza alishe maskini 60. Kwa Imam Shafi kafara ni ya mume, na wote wawili walipe siku. Aliyekuja kwa Mtume (s.a.w.) na kosa hili hakuweza hata moja kati ya hayo matatu. Ikaletwa kapu ya tende, akaambiwa akaitoe sadaka. Akasema, kwani Madina nzima kuna nyumba maskini kuliko yangu? Mtume (s.a.w.) akacheka mpaka meno yake yakaonekana, akamwambia akawalishe watu wa nyumbani kwake.

Wabillahi taufiq.