Koni za Misonobari na Unyevu wa Hewa

Msonobari si mti wa asili wa Afrika Mashariki: aina ipandwayo sana nchini Uganda, iitwayo kitaalamu Pinus caribaea, ilitoka Amerika ya Kati na visiwa vya Karibi. Koni yake, yaani kifumba kigumu cha magamba kinachotunza mbegu, hufunga ikilowa na kufunguka ikikauka, kwa kuwa upande wa nje wa kila gamba hutanuka kwa maji kuliko wa ndani. La kustaajabisha ni kwamba seli za koni zimekwisha kufa, na bado koni iliyoanguka huendelea kufanya hivyo. Kwa hiyo mtoto wa Masafu, nchini Uganda, aliyeokota koni, akaianika juani na kuifunga uzi wa katani, huweza kuitundika barazani, ikawa pambo na vilevile kipimo cha unyevu wa hewa.