Kuinua Pikapu na Kutia Matairi Makubwa: Dereva Naye Aulizwe

(Maneno yaliyosemwa kwa wanachama madereva na mataniboi, Korbesa)

Ndugu wanachama,

Twataka kusema leo juu ya jambo linaloonekana sana katika njia zetu. Mwenye gari anunua pikapu, aiinua, aitia matairi makubwa, halafu asema: "Sasa gari lina nguvu, pakieni." Sisi wa chama hatupingi kuinua gari. Kila atokaye Merti kuja Korbesa ajua ya kuwa gari la chini hupata taabu katika mchanga na mawe, na mvua ikinyesha udongo mweusi hulishika kabisa. Neno letu ni hili: gari lililoinuliwa halikuongezewa uzito wa kubeba hata kilo moja, na likipinduka, walio ndani yake ni sisi. Basi dereva aulizwe kabla fedha hazijatoka.

Kwanza, matairi. Someni maandishi yaliyo ubavuni. Tairi la 265/65R17 lina upana wa milimita 265, kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, na rimu ni inchi 17. Likisimama lina kimo cha milimita 776 hivi. Mkilibadili kwa 285/70R17, kimo chawa milimita 831. Gari limepata milimita 55, lakini difu imepanda nusu yake tu, yaani milimita 27, kwa sababu nusu nyingine iko juu ya ekseli. Tena spidi yadanganya: mshale ukionyesha 80, kwa kweli waenda karibu 86. Injini yazungusha gurudumu zito zaidi, klachi yaungua upesi, na breki zataka nafasi ndefu zaidi.

Iko namba nyingine ambayo wengi hawaitazami, nayo ndiyo ya uzito. Tairi lenye 112 hubeba kilo 1,120. Lenye 121 hubeba kilo 1,450. Tairi laweza kuwa kubwa kwa macho na namba yake ikawa ndogo. Kwa miiba na mawe ya huku, chagueni lenye ubavu mgumu. Msidanganywe na meno makubwa ya matope, maana katika mchanga huchimba shimo na gari hukaa. Mchangani dawa ni kupunguza upepo, kama pauni 20 ikiwa gari halina mzigo mwingi, na kuujaza tena ufikapo njia ngumu. Kwa hiyo pampu ni sehemu ya bei ya matairi. Mwajiri asiyenunua pampu hajamaliza kununua matairi.

Pili, kuinua. Watu hudhani springi ndefu huinua kila kitu. Sivyo. Katika gari lenye ekseli nzima, springi huinua bodi na chesisi. Difu hubaki pale pale. Kwa kazi yetu inchi 2 zatosha. Springi zichaguliwe kwa mzigo wa kila siku, na shokabzoba ziwe za kimo kile kile. Vipande vya chuma visitiwe kamwe juu ya ekseli ya mbele. Fundi akimaliza, dereva atazame mambo haya: mipira ya breki isivutike gari likining'inia, propela isitetemeke, taa zishushwe zisiwapofushe wanaokuja. Pikapu nyingine zina vavu nyuma inayopima mzigo na kugawa nguvu ya breki. Gari likiinuliwa, vavu hiyo hudhani gari ni tupu, na breki za nyuma hulegea. Lazima irekebishwe. Boliti za springi zikazwe tena baada ya siku chache za kazi. Jeki nayo ifike kimo kipya, na tairi la akiba liwe sawa na mengine. Taniboi ndiye atakayelala chini ya gari hilo usiku.

Sasa fikirini mzigo. Mapipa 5 ya maji, kila moja lita 200, ni kilo 1,000 kabla hamjapima mapipa yenyewe. Ongezeni mbuzi wa soko, ongezeni watu waliokaa juu. Kila inchi mliyoinua gari, mzigo huo nao umepanda. Mkifika ukingo wa laga, gari likainama upande mmoja na maji yakayumba ndani ya pipa lisilojaa, hapo hapana ufundi wa usukani utakaowaokoa.

Tatu, haki yenu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mfanya kazi aripoti hatari kubwa kwa msimamizi wake, na mwajiri hana ruhusa kumrudisha katika hatari hiyo kabla haijaondolewa. Basi ripotini, na ikiwezekana kwa maandishi, mkabaki na nakala. Sheria ya Ajira ya mwaka huo huo, kifungu cha 19, yaruhusu mshahara ukatwe kwa mali iliyoharibika ikiwa mfanya kazi amekosa kwa makusudi. Mwiba wa mgunga si makusudi ya dereva. Anayekatwa kwa pancha alete habari hiyo chamani.

Ndugu, mwenye gari akitaka kuliinua, mwulizeni maneno manne. Gari litabeba kilo ngapi? Namba ya uzito ya matairi ni ipi? Nani atakagua breki? Pampu na jeki ziko wapi? Msiulize kwa ugomvi, wala msiulize mmoja mmoja. Nendeni pamoja, dereva na taniboi, maana mtu mmoja ni rahisi kufukuzwa. Umoja ni nguvu.