Taa Nyekundu ya Oili: Swichi Imekufa, au Injini Ndiyo Inakufa?

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama madereva na makanika, Nakuru



Nimeombwa niseme juu ya kitu kidogo kinachoweza kufichwa kiganjani, yaani swichi ya presha ya oili. Bei yake si kubwa. Lakini injini ikinoki, tajiri huuliza kwanza, "Nani alikuwa anaendesha?" Haulizi habari za swichi. Kwa hivyo yafaa sisi wenyewe tuijue vizuri.

Ndani ya swichi mna kiwambo chembamba, springi, na vyuma viwili vidogo vya kupitisha umeme. Injini ikiwa imezimwa, springi huvigusanisha vyuma hivyo, na umeme wa taa hupita kwenye waya, ukaingia swichi, ukaishia kwenye chuma cha injini. Ndiyo sababu ukifungua ufunguo kabla ya kustati, taa huwaka. Injini ikianza kuzunguka, pampu huleta oili, oili hukisukuma kiwambo, vyuma huachana, taa huzimika. Swichi nyingi za namna hii hufanya hivyo presha ikifika paundi 4 mpaka 7 hivi kwa kila inchi ya mraba. Hiyo ni presha ndogo mno. Basi taa ikiwaka hali injini inazunguka, haisemi kwamba mambo yameharibika kidogo. Inasema presha karibu haipo. Simama mahali pa salama, zima injini mara moja, kisha pima oili kwa dipstiki.

Najua jibu ambalo hutolewa kwa simu: "Hiyo ni swichi tu, lete gari." Maneno hayo husemwa na mtu ambaye hayuko nyuma ya usukani.

Barabara yetu yenyewe yaweza kutupa dalili. Ukipanda kutoka Nakuru kupitia Salgaa na Sachangwan kwenda Mau Summit, pengine taa itamweka kwenye mwinuko au kwenye kona, kisha izimike ukifika tambarare. Hapo shuku oili kwanza. Oili ikiwa chache hukimbilia upande mmoja wa sampu, na pampu hunyonya hewa. Swichi mbovu haijui mlima wala kona. Na ikiwa taa hailiwashi tambarare, ila humweka umefika juu, injini ni moto na inazunguka polepole, basi oili imekuwa nyepesi mno, ama beringi za krenki zimelika. Wako wanaosema ati ni kwa sababu Nakuru iko juu, karibu mita 1,850 kutoka usawa wa bahari. Hayo si kweli. Tofauti hiyo ya hewa haiwezi kuwasha taa.

Sasa kuitafuta. Mara nyingi imefungwa kwenye bloku karibu na filta ya oili, na katika injini nyingine iko kwenye silinda hedi. Tafuta kidude cha chuma chenye kichwa cha plastiki na waya mmoja. Msiichanganye na ile ya kupima joto, ambayo hukaa kwenye njia ya maji, karibu na thamostati. Gari lenye geji ya oili huwa na kidude kikubwa zaidi, mfano wa mkebe mdogo. Kabla ya kugusa lolote, chomoa plagi utazame ndani. Ukikuta oili imejaa humo, kiwambo kimepasuka, na swichi hiyo lazima ibadilishwe hata kama taa bado inafanya kazi.

Kisha fungua ufunguo bila kustati. Taa inawaka? Chomoa waya wa swichi. Taa ikikataa kuzimika, waya umechubuka mahali na unagusa chuma. Swichi haina hatia. Lakini kama taa haikuwaka tangu mwanzo, gusisha waya huo kwenye chuma safi cha injini. Ikiwaka, swichi ndiyo mbovu. Isipowaka, tazama balbu, fyuzi na waya. Mimi naliogopa zaidi gari ambalo taa haiwaki kamwe kuliko lile ambalo taa yake imewaka, kwa maana dereva wake hana mlinzi, na wako wauzaji ambao huiondoa balbu ili mnunuzi asione kitu. Haya ni ya swichi yenye waya mmoja. Magari mapya yenye waya mbili au zaidi, zinazokwenda kwenye kompyuta, msiguse-guse waya kabla ya kusoma kitabu chake.

Hapa ndipo penye hatari. Injini inazunguka, taa inawaka, makanika anachomoa waya, taa inazimika. Anasema, "Nimeona, swichi imekufa." Hajaona kitu! Swichi nzima iliyokosa presha hufanya vivyo hivyo. Geji peke yake ndiyo itakayoamua. Fungua swichi (Toyota nyingi hutaka soketi ndefu ya namba 24), funga geji mahali pake, kisha stati. Mshale usipopanda kwa sekunde chache, zima. Ukipanda, ngoja injini ipate moto ndipo usome. Injini ya 1NZ, ile iliyomo katika Probox nyingi, yatakiwa isipungue paundi 7 ikizunguka polepole, na iwe kati ya 22 na 80 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika. Ukipata hayo na taa bado inawaka swichi ikirudishwa, sasa waweza kuihukumu swichi. Ukipata chini ya hapo, swichi imesema kweli, na kununua nyingine ni kupoteza pesa.

Ukifunga mpya, usizungushe tepu nyingi nyeupe kwenye uzi wake. Swichi hupata njia ya umeme kupitia uzi huo huo, na vipande vya tepu vyaweza kuingia kwenye njia ya oili. Wala usikaze kwa nguvu zote, maana uzi wake ni wa kukaza kadiri unavyoingia, na waweza kupasua aluminiamu.

La mwisho ni karatasi. Andika saa taa ilipowaka, mahali, kiasi cha oili, na jina la aliyekuambia uendelee. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, humruhusu tajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibiwa kwa kosa la kusudi la mfanyi kazi. Dereva aliyezima gari na kutoa habari hakufanya kusudi. Na ukishtakiwa kosa la kazi la kukufukuzisha, kifungu cha 41 chakupa haki ya kuelezwa sababu kwa lugha unayoifahamu, na kuwa na mwenzako wa kazini au mjumbe wa chama mnapohojiana. Mwite mjumbe kabla hujaweka sahihi popote. Na ile swichi iliyotolewa msiitupe. Ifungeni kwenye karatasi, mwandike tarehe na namba ya gari, mje nayo.