Majeruhi Asiyelia



Neno letu leo ni moja. Penye ajali, apigaye kelele sana huenda siye aliye karibu zaidi na kufa, maana apigaye kelele bado ana pumzi. Yatupasa kumtazama upesi yule aliyenyamaza.

Mambo haya twayaona. Pikipiki zagongana njiani, au shimo la dhahabu labomoka. Watu hukusanyika, na karibu wote humkimbilia aliaye. Aliyelala kimya huachwa, watu wakisema amezimia tu, atazinduka. Kumbe ulimi umemziba koo.

Zamani tulilaumu maji, kwa kuwa mgonjwa wa kupelekwa Bugando alingoja kivuko pale Busisi. Tarehe 19 Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa. Twashukuru. Lakini daraja hufupisha njia, halizibi jeraha. Mtu aweza kuishiwa damu kwa dakika chache, gari lingali linatafutwa.

Wala upungufu huu si wa kwetu peke yetu. Mwaka 1976 daktari wa mifupa, James Styner, alianguka na ndege yake huko Nebraska, Marekani. Mkewe alikufa, na watoto wake watatu kati ya wanne waliumia vibaya. Alipoona kwamba hospitali ya kwanza waliyofikishwa haikuwa na utaratibu wa kufaa, yeye na wenzake walitunga mafunzo ambayo leo madaktari wa nchi nyingi hujifunza. Msingi wake ni huu: kiuacho upesi kitibiwe kwanza.

Basi shikeni utaratibu huu.

Kwanza, hakikisheni mahali pana usalama, msije mkaongeza majeruhi.

Pili, zuieni damu itokayo kwa nguvu. Kandamizeni jeraha kwa kitambaa safi, wala msifunue kila mara kuchungulia. Ikiwa ni mkono au mguu na damu haikomi, fungeni kitambaa kipana juu ya jeraha, upande wa kiwiliwili, mkikaze kwa kijiti mpaka damu ikome. Andikeni saa mliyofunga, na asikifungue mtu mpaka hospitali.

Tatu, tazameni njia ya pumzi. Mwiteni. Asipojibu, sukumeni taya la chini mbele bila kupinda shingo, mkaondoe damu au meno yanayoonekana mdomoni. Akitapika, mgeuzeni ubavu, kichwa na mwili vigeuke pamoja.

Nne, angalieni kifua kama chapanda na kushuka sawasawa.

Tano, ngozi ikiwa baridi yenye jasho na mapigo ya moyo yakienda mbio, jueni damu yapungua, hata kama haionekani nje. Yaweza kuwa inavuja tumboni. Mfunikeni asipate baridi. Msimpe chakula wala kinywaji, maana huenda akapasuliwa.

Mvunjiko wa mfupa, hata ukitisha macho, hungoja mpaka hayo yamekwisha tazamwa.

Katika kubeba, haifai kumkunja majeruhi katikati ya watu wawili juu ya pikipiki. Uti wa mgongo uliovunjika waweza kukatika kabisa. Mlazeni juu ya ubao au mlango, watu wanne wabebe, na mmoja ashike kichwa kisiyumbe. Ikitakiwa hati ya polisi, PF3, mtu mmoja aifuate huku wengine wakimpeleka mgonjwa.

Twawaombeni wenyeviti, kila kijiji kiweke ubao, vitambaa safi, na namba ya simu ya mwenye gari mahali pajulikanapo na wote. Nanyi walimu, wafundisheni watoto kuuliza penye ajali: ni nani aliyenyamaza? Huenda swali hilo likamwokoa baba yao.