MAZUNGUMZO JUU YA NDEGE WA MISITU YA TAITA

Wako watu waliopita chini ya miti ya Ngangao tangu utoto wao, nao hawajapata kumtambua ndege mmoja akaaye humo, ambaye nje ya vilima vya Taita hapatikani po pote duniani. Waingereza humwita Taita Thrush. Mwaka 1913 mtaalamu Mmarekani, Edgar Mearns, alimpa jina la elimu kwa heshima ya mwenzake, Edmund Heller.

Atakaye kumwona yampasa aingie msituni asubuhi na mapema, avae nguo zisizong'aa, kisha asimame kimya. Asitazame vileleni, bali chini penye majani makavu, kwa maana ndege huyu hupekua majani ardhini apate wadudu. Hula na matunda ya msituni pia.

Alama zake ni hizi. Urefu wake ni inchi 8 hivi. Kichwa na kifua ni vyeusi, mgongo ni wa kijivu cha giza, tumbo ni jeupe, na mbavuni ana rangi ya kutu. Mdomo wake, na duara la ngozi lizungukalo jicho, vina rangi ya chungwa lililoiva.

Lakini mtu asifanye haraka kusema amemwona. Katika misitu hiyo yuko jamaa yake mwenye kifua cha rangi ya machungwa, mdomo wa giza, na madoa meupe bawani. Basi tazama mdomo kwanza, kisha kifua, kisha bawa. Rangi ya chungwa ikiwa mdomoni, na kifua ni cheusi, ndiye. Ikiwa kifuani, siye.

Makao yake ni vipande vichache vya msitu, yaani Mbololo, Ngangao na Chawia. Ngangao ni kama ekari 300 tu. Miti ya asili iliyoviunganisha ilikatwa ili watu wapate mashamba, na ndege huyu hapendi kuvuka mahali palipo wazi. Kwa hiyo kila kipande kwake ni kama kisiwa. Kivuli kikiondoka, majani ya chini hukauka, wadudu hupungua, naye hana pa kukimbilia.

Basi wazazi na waalimu wawaonyeshe watoto ndege huyu, na manati yaachwe nyumbani. Akitoweka Taita, hapana nchi nyingine ya kumwendea kumtafuta.