Debe Moja Kabla ya Vuli

Hotuba ya mwalimu wa taaluma wa shule yetu ya sekondari kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa umoja wetu, jijini Mwanza

  

Nimetumwa na Mkuu wa Shule, bodi ya shule na wazazi. Wamenipa mizigo miwili: salamu, na kapu la machungwa ambalo mmeshaliona pale mlangoni, na naona limeanza kupungua. Chungwa la Ukerewe halihitaji hotuba, linajieleza lenyewe. Mimi ndiye ninayehitaji maneno, kwa hiyo naomba dakika zenu chache.

Nianze na habari za familia ya shule, maana najua ndizo mnazozisubiri.

Mzee wetu aliyetoa sehemu ya shamba lake ili shule ijengwe ametutoka mwaka huu. Wanafunzi walimsindikiza wakiwa na sare, na kaburi lake liko mahali ambapo kengele ya shule inasikika. Mungu amlaze mahali pema. Mpishi wetu mama mkubwa, ambaye wengi wenu wadogo zenu wamekula kwa mkono wake, alivunjika mguu wakati wa mvua za masika, amepona na amerudi jikoni. Tumepata mwalimu mpya wa hisabati, kijana kutoka Kigoma. Wiki ya kwanza aliliogopa ziwa, sasa anavuka Rugezi kwenda Kisorya huku akisinzia kama mwenyeji. Na binti mmoja aliyeacha masomo kwa sababu ya ujauzito amerudi darasani. Mnakumbuka Serikali ilifungua mlango huo Novemba 2021. Mama yake analea mjukuu, yeye yuko kidato cha tatu, na katika somo la baiolojia hana mpinzani.

Mahafali ya kidato cha nne tuliyafanya kabla ya mitihani, kwaya iliimba, wazazi walitoa zawadi za kanga na kuku, na mgeni rasmi alichelewa kama ilivyo desturi. Mtihani wa taifa wa kidato cha nne umefanyika Novemba, na kidato cha pili nao wamepimwa. Shamba la viazi lishe la shule limepandwa mvua ilipofika. Hizo ndizo shughuli zetu za vuli, na kwa mtu anayezisikia kutoka mbali zinapendeza.

Sasa niwaeleze vuli ilivyo kwa mtu aliyekaa ndani yake.

Sisi tuliokulia visiwani tunajua kwamba mvua za vuli zinapoanza, kati ya Oktoba na Desemba, ghala linakuwa tupu. Mahindi yaliyovunwa baada ya masika yameliwa, mengine yameuzwa kwa ajili ya sare na madaftari, na yaliyobaki ni mbegu. Mama anaichukua ile mbegu anaifukia ardhini huku watoto wanamtazama. Muhogo upo, ndiyo, na michembe ipo kwa aliyeanika. Lakini ni miezi ya kubana matumbo. Na ni miezi hiyohiyo ambayo Taifa limeipanga kuwa miezi ya mitihani. Ratiba ya mitihani haina kosa, na mvua haina kosa. Ila vyote viwili vinakutana juu ya kichwa cha mtoto mmoja.

Nina mambo mawili ninayoyaona kwenye daftari la mahudhurio, na nimeyaona miaka kadhaa sasa.

La kwanza, mahudhurio ya wavulana wetu yanafuata mwezi. Ninyi mnaofanya biashara ya dagaa pale Mwaloni mnaelewa bila kuambiwa. Mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawafuati taa, wavuvi wanapumzika, na madarasa yanajaa. Giza likiingia, mitumbwi inatoka na taa zake, na kesho yake nina viti vitupu.

La pili, mahudhurio ya mchana yanafuata sufuria. Asubuhi naita majina, wanaitika. Saa saba ikipita, wale ambao hawana chakula wanasema wanakwenda kunywa maji. Kisima kiko hatua chache tu, lakini wao hawarudi mpaka kesho.

Naomba niseme kosa langu mwenyewe hapa. Kuna mvulana wa kidato cha pili aliyekuwa akilala darasani. Nilimsimamisha mbele ya wenzake nikamwambia kwamba uvivu haujawahi kumpa mtu cheti. Hakujibu. Jumamosi nilikwenda kwao kumshtaki kwa mama yake. Nilimkuta mama anapanda mahindi, na debe la mbegu limebaki chini kabisa. Akaniambia, mwalimu, huyu ndiye anayeleta unga humu ndani. Usiku anavuta nyavu za dagaa kambini, analipwa, ananunua unga, asubuhi anavaa sare anakuja kwako. Nilikuwa nimemwita mvivu mtoto anayefanya kazi mbili. Nilimwomba radhi mbele ya darasa lilelile.

Siku zile chakula cha shule kilikuwa bado kipo. Tukakubaliana na mama yake kwamba mtoto ale shuleni hata kama mchango wake haujatimia. Siwaambii kwamba aliacha kuvua. Hakuacha. Lakini mchana alibaki, maana alijua kuna sahani. Mchana ndipo tunafanya mazoezi ya hisabati na marudio. Kisha katikati ya Oktoba sufuria ikakauka, wiki chache kabla ya upimaji wao. Amefanya mtihani. Matokeo hatujayapata, na siwezi kuwaahidi yatakuwaje.

Sasa swali mnalojiuliza: kwa nini sufuria inakauka wakati umoja huu unachanga kila mwaka?

Ndugu zangu, sikuja kulalamika. Shule hii ni matunda ya jasho lenu. Enzi za MMES, kuanzia 2004, wananchi walibeba mawe na mchanga, na ninyi mkaleta saruji na bati. Watoto wanasoma chini ya paa hilo. Tangu Januari 2016 ada imefutwa mpaka kidato cha nne, na tunashukuru. Lakini chakula cha mchana katika shule ya kutwa kimebaki kuwa jukumu la mzazi. Na mzazi wa kisiwani anaombwa mchango huo wakati ghala lake halina kitu.

Wazee waliosoma shule za kati zamani, darasa la tano mpaka la nane, wanatusimulia kwamba walilima wenyewe shamba la shule na kula walichovuna. Nasi tunalima, na viazi vyetu vinasaidia. Lakini eneo ni dogo, wanafunzi wameongezeka, na viazi vinavyopandwa Novemba havimlishi mtoto wa Novemba.

Mchango wenu nao unafika Desemba, baada ya mkutano kama huu. Desemba shule imefungwa, na bei ya mahindi iko juu. Kwa hiyo fedha inakwenda kwenye ukuta, kwa sababu ukuta haujali mwezi. Inafanya kazi nzuri, lakini si ile ambayo vuli inaidai.

Ombi letu ni kwamba sehemu ya mchango wa umoja itoke mwisho wa Juni, wakati wa mavuno, badala ya Desemba. Hatuombi mbadilishe kiasi, tunaomba mbadilishe mwezi.

Niruhusuni nifanye hesabu ndogo, mnikosoe. Tangu shule ifunguliwe katikati ya Septemba mpaka inapofungwa mwanzoni mwa Desemba ni kama wiki 12, yaani siku 60 za masomo. Mwanafunzi mmoja akila robo kilo ya mahindi kwa siku, ni kilo 15 kwa vuli nzima. Debe la mahindi lina kilo 18 au zaidi. Maana yake debe moja, pamoja na kilo 3 za maharage, linamweka mtoto mmoja darasani mchana mpaka shule ifungwe. Gunia la kilo 100 linabeba watoto 6, na kilo 10 zinazobaki ni za pumba na hasara.

Mtu anayekula chakula cha mchana mjini anajua sahani moja ni bei gani. Afanye ulinganisho wake mwenyewe akiwa kwenye daladala, mimi sitausema hapa.

Najua kuna maswali. Mwaka jana mjumbe mmoja alisimama akauliza, fedha za chakula zinaliwa na nani? Lilikuwa swali la haki, na nimekuja na jibu. Mahindi yatanunuliwa bara wakati wa mavuno na kamati yenye wazazi watatu, mwalimu mmoja na mwakilishi wenu mmoja, na risiti zitaletwa hapa. Yatakaushwa vizuri na kufungwa kwenye mifuko isiyopitisha hewa, maana dumuzi wa kisiwani hana huruma. Stoo itakuwa na kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa Mkuu wa Shule, mwingine kwa mama mmoja aliyechaguliwa na wazazi. Daftari la kutoa chakula litasomwa kwa sauti kwenye mkutano wa kijiji. Mama zetu kwa sauti mnawajua. Kilo ikipotea, itatajwa.

Wazazi nao hawakai mikono mitupu. Wamekubaliana kutoa maharage, chumvi, kuni na zamu za kumsaidia mpishi. Asiye na maharage atatoa michembe au dagaa. Kila mtu ataleta alichonacho, na kila mtoto atakula, aliyechangiwa na asiyechangiwa. Hilo la mwisho tumeliandika kwenye muhtasari wa kikao, kwa sababu tumechoka kuona watoto wengine wanakula chini ya mwembe na wengine wanasimama pembeni wakijifanya wanazungumza.

Kuna sababu moja zaidi ya kuanza mapema. Chini ya utaratibu mpya wa elimu, mwaka 2027 darasa la sita na darasa la saba watamaliza pamoja, na Januari 2028 makundi mawili yataingia kidato cha kwanza kwa mara moja. Madarasa yatahitajika, na nina hakika mtayajenga, kwa sababu kujenga mnakujua. Lakini tukiwajaza watoto wote hao kwenye madarasa mazuri halafu saa saba wakaondoka kwenda kunywa maji, tutakuwa tumejenga nini?

Ndugu Mwenyekiti, wengi wa walioketi humu walikaa njaa wakiwa shuleni, wakashinda, na leo wana kazi na nyumba. Mzee mmoja aliniambia pale mlangoni, mbona sisi tuliweza? Mzee wangu, kwa heshima yote: mlioweza ndio mko humu ndani. Wale wenzenu mlioanza nao darasa moja mkawaacha njiani, sitaki kuwataja, lakini kila mmoja wetu akifumba macho atakumbuka walau sura mbili. Hawakuwa wajinga, na wengine walikuwa wanatushinda.

Kwa hiyo kila mwanaumoja anayeweza, achukue mtoto mmoja asiye wake. Debe moja na kilo 3 za maharage, au thamani yake, kabla ya Juni 30. Anayeweza gunia, alete gunia. Mweka Hazina ana daftari jipya pale mezani, ukurasa wa kwanza umeandikwa VULI. Jina la kwanza ni langu, na la pili ni la yule mwalimu wa hisabati kutoka Kigoma, ambaye si mtu wa kwetu na hakuombwa.

Nikirudi kesho kwa boti, mama mpishi atakuwa ananisubiri gatini Nansio. Hataniuliza nimesema nini, ataniuliza madebe mangapi. Naomba nimpelekee idadi.

 Na machungwa yaliyobaki, tafadhali wapeni watoto.